"Borrow" au "lend"? Chungulia baada ya pengo

Hapa Kiswahili chetu ndicho kinachotuponza. Kuazima kunakwenda pande zote mbili: "niazime kalamu", "nimeazima kalamu kwa Juma". Kiingereza kimegawa kazi: "borrow" ni kuchukua cha mwenzako, "lend" ni kumpa chako. Ndiyo maana mtu anasema "borrow me your pen" bila hata kushtuka. Mimi niliisema hiyo hadi kidato cha tatu!

Kwenye swali la kujaza nafasi, usikimbilie kutafsiri. Tazama kinachofuata pengo. Ukikutana na mtu moja kwa moja, "me", "him", "us", weka "lend". Ukikuta kitu halafu "from", weka "borrow". Mtego uko kwenye "She ___ her book to Asha": kitu kimetangulia, lakini hiyo "to" inadai "lent". Na wakati uliopita wa "lend" ni "lent", si "lended".