Bomba la moshi la mashine ya kusaga likiwa jekundu

Bomba likiwa jekundu karibu na silinda na moshi mweusi ukitoka kinu kikijaa mahindi, injini inapata dizeli nyingi kuliko hewa. Tabora iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kwa zaidi ya asilimia 10. Injini iliyoandikwa nguvu za farasi 20, wewe ihesabu 17 hivi. Fundi akitaka kuongeza dizeli kwenye pampu "ipate nguvu", mkatalie: litakaloongezeka ni joto.

Anza na klina, yaani kichujio cha hewa inayoingia kwenye injini. Kwa vumbi la Agosti na Septemba, ile ya oili ifungue kila siku. Osha wavu kwa dizeli, uache uchuruzike, mwaga oili yenye tope, weka mpya hadi kwenye alama. Usizidishe hata kidogo. Injini ikiifyonza inaweza kukimbia yenyewe hata ukifunga dizeli.

Halafu bomba lenyewe. Wengi hulirefusha litoke nje ya banda kwa bomba jembamba lenye kona tatu, na moshi unakosa pa kupita. Tumia pana kuliko mdomo wa injini, kona zisizidi mbili, na liwe angalau sentimita 30 kutoka kwenye mbao. Paa la nyasi? Liepuke kabisa, pitisha ukutani.

Bado jekundu? Nozeli, inayopuliza dizeli ndani ya silinda, inadondosha, au dizeli inachelewa kuingia. Hapo mwite fundi pampu.

Usilimwagie maji, chuma kinaweza kupasuka. Toa mzigo, iache izunguke polepole dakika 5, ndipo uzime.