Siku 30 bila nafaka, kunde, maziwa wala sukari: usishinde na njaa

Kosa kubwa ni kuondoa ugali, wali na maharage bila kuweka kitu mahali pake. Sahani inabaki na mchicha na kipande cha samaki, na ikifika saa kumi jioni tumbo linadai mandazi. Jaza pengo hilo kwa muhogo, viazi vitamu au ndizi za kupika, kiasi cha viganja viwili kila mlo. Weka mayai 3, au samaki au kuku wa ukubwa wa kiganja, kisha nusu parachichi au tui zito. Mafuta usiyaogope: ndiyo yanayokufikisha mlo unaofuata.

Jumapili chemsha mayai 10 na viazi vitamu kilo 2, upike na kuku kilo 1. Viingie kwenye friji ndani ya saa 2. Kuku mmalize kwa siku 3 au 4. Mayai yenye maganda hukaa wiki. Huna friji? Weka akiba ya vibichi na vikavu (viazi, mayai, nazi nzima, dagaa) na upike cha siku hiyo tu.

Kwenye mkoba beba korosho. Karanga hapana, maana ni jamii ya kunde. Viungo vya mchuzi vya paketi visome kwanza. Vingi vina sukari au unga wa ngano.

Anayetumia insulini au dawa nyingine za kisukari aonane na daktari kabla ya kuanza, kwani dozi huenda ikahitaji kubadilishwa. Asipofanya hivyo, sukari inaweza kushuka ghafla.