Mazoezi ya kinanda: kosa la kidole huanza noti moja kabla

Wapigaji wengi wa kinanda wa Lamu na Malindi hujifunza kwa sikio. Wimbo wa harusi unarudiwa kwenye simu, vidole vinautafuta, na mwishowe unapatikana. Sikio la namna hiyo ni mali kubwa. Taabu huja baadaye: kuna kipande kimoja cha bashrafu (muziki wa taarabu wa ala tupu, usioimbwa) ambapo mkono hukwama palepale kila siku, na mpigaji hurudi mwanzo wa wimbo akaupiga wote tena, akitumaini safari hii kitapita. Hakipiti. Mkono haujui ulichokusudia. Unashika kile ulichoufanyisha. Ukikikosea mara kumi ukakipatia mara moja, ulichokizoea ni kukosea.

Basi acha kurudi mwanzo. Egemeza simu upande wa kulia, usawa wa vibao, ujirekodi ukipiga kipande kile tu. Ukitazama, usiiangalie noti iliyoharibika. Angalia moja au mbili zilizotangulia. Hapo ndipo utakapoona gumba bado liko nje, au kiwiko kimeganda ubavuni, au kidole cha mwisho kimekakamaa juu hewani.

Tuchukue ngazi ya noti iitwayo hijazi, inayoanzia D: D, E flati, F shapu, G, A, B flati, C, D (flati hushusha noti nusu-sauti, yaani kibao kimoja; shapu huipandisha). Kwa kuhesabu gumba kuwa 1 na kidole cha mwisho kuwa 5, mkono wa kulia unapanda kwa 1-2-3-1-2-3-4-5, na wa kushoto kwa 5-4-3-2-1-3-2-1. Penye kazi kwa mkono wa kulia ni kati ya E flati na G. Kutoka E flati hadi F shapu pana nusu-sauti tatu, kwa hiyo mkono unafunguka, na papo hapo gumba linatakiwa lipite chini ya vidole likaikute G. Mpigaji asiye na mazoea huliacha gumba kwenye D mpaka kidole cha 3 kimeshabonyeza. Likiwa limechelewa, anakirusha kiwiko nje ili kulisaidia, na G inalia kwa kishindo kama mlango uliopigwa na upepo. Msikilizaji husema G imeharibika. Kumbe kosa lilifanyika kwenye E flati, wakati gumba lilipotakiwa kuanza safari.

Dawa yake ni hii. Piga E flati, kisha F shapu, usimame. Usibonyeze chochote. Tazama: je, gumba limekwisha kuigusa G, limetulia juu yake? Kama halijafika, anza tena. Usiibonyeze G kwa kuwahi. Likiwa limefika, bonyeza. Ukipata mara tano mfululizo bila kosa, ongeza D mwanzoni na A mwishoni. Kifundo cha mkono kisogee kwenda kulia pamoja na vidole, kisizame chini. Ukishuka mambo yanageuka: gumba linabaki kwenye G, na kidole cha 3 kinavuka juu yake kwenda F shapu. Usiliinue gumba kabla kidole cha 3 hakijafika, la sivyo noti zitakatika.

Sasa mwendo. Programu za bure za metronomu, yaani za kugonga mapigo sawasawa, zipo kwenye simu. Anza na mapigo 60 kwa dakika, noti moja kwa pigo, au chini ya hapo kama bega linapanda. Ukipatia mara tano, ongeza mapigo 4. Ukikosea mara mbili, punguza 8 bila kuona haya. Lakini mwendo wa polepole una mtego wake ambao wengi hawauoni: mtu akipiga taratibu huinua vidole juu sana, kwa sababu muda anao. Akiharakisha, muda huo haupo, na mkono unalazimika kujifunza mwendo mwingine kabisa. Kwa hiyo piga polepole kwa miendo ileile midogo utakayoitumia ukienda kasi, vidole vikiwa karibu na vibao. Halafu piga kwa mikupuo: noti tatu za haraka, simama, legeza mkono, noti tatu zinazofuata, simama. Mikupuo ikishatulia, iunganishe.

Kwa ngazi za rasti na bayati, zenye noti zinazoangukia kati ya vibao, baadhi ya vinanda vina kitufe cha kushusha noti robo sauti. Vidole havibadiliki kwa hilo, kwa hiyo thibitisha vidole kwanza.

Kiti kina makosa mengi kuliko watu wanavyodhani. Viti vya plastiki vyenye mikono huvizuia viwiko kwenda pembeni, na hapo gumba halina njia ya kupita. Tafuta kisicho na mikono. Kiwiko kiwe usawa wa vibao au juu yake kidogo; kikiwa chini, pachika viti viwili kimoja juu ya kingine, au ushushe stendi. Kinanda kilichowekwa kitandani au mkekani hakifai kwa mazoezi ya vidole.

Dakika 20 asubuhi na 20 jioni zinafaa kuliko saa nzima kwa mkupuo. Baada ya alfajiri, kabla joto halijapanda, vidole haviteleziki kwa jasho. Kwenye mitaa ya Lamu ambako nyumba zimeegemeana, vaa hedifoni. Adhana ikianza, nyamaza, na uitumie nafasi hiyo kulegeza mabega. Chagua vipande viwili vigumu, upige hiki dakika chache kisha kile, kisha urudi. Utahisi kama huendelei, lakini mazoezi hayo yanashika zaidi kuliko kung'ang'ania kimoja. Kesho yake, kabla ya kitu kingine chochote, piga kipande cha jana mara moja tu. Hiyo ndiyo alama yako ya kweli. Ya jana usiku ilikuwa ya mkono uliokwisha pata moto.

Usijitese kukinyanyua kidole cha pete juu kama vingine ili kukipa nguvu. Kano zake zimeungana na za vidole jirani, hivyo udhaifu huo ni wa maumbile. Maumivu ya kifundo au ganzi vikija, acha siku hiyo. Vikiendelea, mwone daktari.

Vinanda vingi vya vibao 61 vina vibao vyepesi vya springi, ilhali piano ina vibao 88 vyenye uzito wa nyundo. Aliyezoea kinanda akikaa kwenye piano, sauti hutoka dhaifu na mkono huchoka upesi kwa kusukuma. Asisukume, auache uzito wa mkono uangukie kibao. Nyumbani, washa kipimo cha mguso (kinachofanya sauti ifuate nguvu ya kidole) na uweke sauti katikati, maana kikizimwa noti zote hulingana na hutasikia kidole gani kinagonga zaidi.

Mwisho, mchanga na hewa ya chumvi hudhuru raba zilizo chini ya vibao. Funika kinanda kwa kitambaa kila umalizapo. Na kibao kikiwa bubu au kikilia kwa nguvu peke yake, kijaribu kwa kidole kingine kwanza, kabla hujakilaumu kidole cha kwanza.