Kisu cha kutengenezwa kwa mkono, angalia haya kabla hujalipa

Ukiona fundi visu anasifiwa kila kona na foleni ya oda imefika miezi, usikimbilie kulipa kisa picha, picha zinadanganya jamani. Muulize kwanza katumia chuma gani. Akisema 1095 poa, hicho kina kaboni kama asilimia 0.95, kinashika makali vizuri ila ukizembea kinaota kutu. Akisema "chuma kizuri tu" shtuka. Halafu, na hapa ndo penyewe, muulize alivyokipika: chuma hicho kinapashwa mpaka sumaku isishike na kupita kidogo, karibu nyuzi 800, kinazamishwa kwenye oili fasta, alafu kinarudi kwenye oveni nyuzi 200 hivi kama masaa mawili, wengi wanarudia mara mbili, bila kurudishwa oveni kinakuwa kigumu lakini kikidondoka kinaweza kuvunjika kama kioo. Kishike sasa. Pitisha ukucha pale mpini unapokutana na chuma, ukinasa ujue kuna mwanya na maji yatalala humo. Kata karatasi, ikichanika badala ya kukatika safi, makali bado hayajafika. Ukishakichukua osha, futa hapohapo, paka mafuta kidogo. Kikianza kuwa kijivu tulia, hiyo sio kutu mbaya, kutu ni ile ya rangi ya chungwa.