Kabla ya Ndoa, Anzeni na Madeni, Mshahara Utafuata

Wachumba wakishafikia kuzungumzia fedha, swali la kwanza huwa ni "unapata kiasi gani?" Ni swali halali, ila jibu lake halina msaada mkubwa. Mwenye mshahara mnono anaweza kufika mwisho wa mwezi akiwa na kidogo kuliko anayelipwa nusu yake. La kujua mapema ni nani tayari ana haki na hela hiyo kabla haijafika nyumbani: mkopeshaji, mdogo wake anayesoma, mtoto wa uhusiano uliopita, rafiki aliyemdhamini.

Kama mwenzio ameajiriwa, chukueni hati yake ya mshahara muisome pamoja kutoka juu hadi chini. Juu kuna mshahara ghafi, na ndiyo namba ambayo watu hupenda kuitaja. Chini yake kuna kodi, michango ya hifadhi ya jamii na bima, halafu vifupisho ambavyo havieleweki mpaka mwenyewe avieleze. Hapo ndipo mikopo hujificha. Ulizia kila kimoja ni cha nini na kinaisha lini. Makato yaliyobakiza miezi mitatu na yale yaliyobakiza miaka mitano yanaweza kulingana kabisa mwezi huu, na mwakani yakawa mambo mawili tofauti.

Aliyejiajiri hana hati hiyo. Yeye aonyeshe miamala ya mwaka mzima, maana biashara ina miezi ya kuchangamka na miezi ya kukaa bure, na matumizi ya nyumba yapangwe kwa kuangalia miezi mibaya. Tena mtenganishe mauzo na faida. Sehemu kubwa ya pesa iliyoingia leo ni ya kununulia mzigo wa kesho, na mwenzi asiyelijua hilo ataona kila siku kana kwamba ananyimwa.

Sasa madeni yenyewe. Kwa kila deni andikeni kiasi kilichobaki, marejesho ya kila mwezi, tarehe ya mwisho, kilichowekwa rehani, na namna riba inavyokokotolewa. Hilo la mwisho wengi hulipita haraka, nalo lina uzito. Chukua mkopo wa 1,200, fedha yoyote ile, kwa riba ya asilimia 12 kwa mwaka, ulipwe kwa miezi 12. Riba ikihesabiwa juu ya mkopo wote tangu mwanzo hadi mwisho, utalipa 112 kila mwezi, jumla 1,344. Ikihesabiwa juu ya salio linalopungua, utalipa karibu 107 kila mwezi, jumla kama 1,280. Asilimia ni ileile, lakini riba ya kwanza inakaribia mara mbili ya ile ya pili. Mkishajua ni deni lipi lina riba ya namna gani, mtajua pia lipi limalizwe kwanza.

Yapo madeni ambayo mwenyewe hayahesabu kuwa madeni. Mikopo midogo ya kwenye simu ni mojawapo, na hela aliyokopeshwa na kaka yake bila maandishi ni nyingine. Kwenye mchezo wa upatu, aliyepokea zamu ya kwanza anadaiwa mpaka wa mwisho apokee, hata kama yeye anaita "akiba." Muulize hivyo hivyo: hakuna mtu yeyote anayetarajia hela kutoka kwako?

Kisha uliza: umemdhamini nani? Dhamana haionekani kwenye hati ya mshahara wala kwenye taarifa ya benki mradi mkopaji analipa. Siku akishindwa, mkopeshaji anamgeukia mdhamini. Mtu anaweza kuapa kuwa hana deni, na akawa anasema kweli, huku sahihi yake iko kwenye mkopo wa mwingine unaozidi mshahara wake wa mwaka. Kwangu mimi, hili ndilo swali lisilostahili kuahirishwa hata kidogo.

Kwenye suala la ndugu, msiishie kukubaliana kwamba wazazi wasaidiwe. Nani atakataa hilo? Ugomvi hutoka kwenye kiasi, na kwenye msaada wa dharura unaokuja kila mwezi. Tenganisheni msaada wenye mwisho, kama ada ya mdogo wake mpaka amalize masomo, na ule usio na mwisho. Wekeni pia kiwango ambacho yeyote kati yenu anaweza kutoa bila kuuliza, na juu ya hapo mnaambiana kabla ya kutuma, si baada ya kutuma.

Sheria nayo muiulizie mapema, kwa sababu kuna mambo ambayo baada ya harusi hayarekebishiki kirahisi. Afrika Kusini, wanaooana bila mkataba uliosainiwa mbele ya mthibitishaji (notari, mwanasheria anayeidhinisha mikataba rasmi) kabla ya ndoa huunganisha mali zao, pamoja na madeni ambayo kila mmoja alikuja nayo. Ujerumani, wasiosaini mkataba hubaki kila mtu na mali yake, ila ndoa ikivunjika kilichoongezeka wakati wa ndoa hufanyiwa hesabu ya kusawazisha, yaani aliyeongeza zaidi humfidia mwenzake. Kwenu inaweza kuwa tofauti na zote mbili. Saa moja na mwanasheria inatosha kujua mnasimama wapi.

Akaunti ya pamoja au kila mtu na yake? Sioni kama kuna jibu moja. Mkifungua ya pamoja, amueni kama anaweza kutoa mmoja yeyote au lazima sahihi zote mbili, kwa sababu benki itawauliza hilo siku hiyohiyo. Kuchangia nusu kwa nusu nako kunaonekana haki mpaka upige hesabu. Mmoja akibakiwa na 600, mwingine 400, na matumizi yakiwa 500, nusu kwa nusu humchukulia wa pili zaidi ya asilimia 60 ya fedha yake. Mkichangia 300 na 200, kila mmoja ametoa nusu ya alichonacho.

Majina ya warithi kwenye bima na mfuko wa pensheni pia yaangaliwe. Msidhani yatabadilika yenyewe kwa kuwa mmeoana; huenda bado limeandikwa jina la mtu wa zamani.

Haya hayamalizwi kwa kikao kimoja, na anayeanza aanze na yake. Ukisema "mimi nadaiwa kiasi hiki, na karatasi ndiyo hii," mwenzio hatajiona amewekwa kizimbani. Akiona aibu, mpe muda. Aibu huisha, na mtu aliyelemewa na deni kwa kawaida hupumua akishalitaja. Lakini kama wiki zinapita na kila karatasi "imepotea," au namba zinabadilika kila mkikaa, sogezeni mbele tarehe ya harusi na msichapishe kadi mpaka hesabu ikae sawa.