Mwanga mwekundu kwa uso uliochomwa na jua

Juzi nimemaliza wiki ya 12 ya kumulika kwa taa nyekundu uso wa mama karanga (mkaanga samaki) mmoja wa Likoni, Mombasa. Ana miaka 43, na zaidi ya 20 kati ya hiyo ameipitisha juani kando ya karai lake la samaki. Mashavu yalikuwa yamekauka na kujaa mabaka, macho yamezungukwa na mikunjo ya bibi wa miaka sitini. Hivi ndivyo tulivyofanya.

Hatua ya 1: Taa. Tafuta taa ya LED nyekundu yenye urefu wa mawimbi wa nanomita 630 hadi 660. Ya buluu iache, kwa ngozi zetu huzidisha weusi. Mashine za mimweko, IPL, mimi sizitumii kabisa kwa mtu mweusi. Mwanga wake hunaswa na melanini, rangi asilia ya ngozi, na sisi melanini tunayo tele, kwa hiyo joto lote huishia kwenye ngozi. Nilipokuwa najifunza kazi nilimuunguza dada mmoja hivyo. Alama za mstatili, umbo la kioo cha mashine, zilimkaa shavuni miezi saba.

Hatua ya 2: Uliza anachopaka na anachomeza. Usiulize mara moja ukaridhika. Mama huyu nilimuuliza siku ya kwanza, akasema, "Sipaki kitu, mwanangu." Siku ya pili, "Liwa tu." Siku ya tatu nikamwomba aje na kila kichupa alichonacho, akafungua mfuko: liwa, kweli, lakini aliikoroga kwa ndimu, na chini kabisa kulikuwa na krimu ya kung'arisha isiyo na lebo. Maji ya ndimu yakikutana na jua huunguza ngozi na kuacha weusi. Krimu za namna ile mara nyingi huwa na steroidi, dawa kali ya kutuliza uvimbe, na steroidi haiachwi ghafla, uso unaweza kuwaka na kuvimba. Nilimpeleka kwa daktari wa ngozi, akaipunguza polepole, nasi tukangoja wiki sita bila kuwasha taa. Uliza pia vidonge: doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, huifanya ngozi iungue upesi juani. Mwenye lupasi, ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia mwili wenyewe, usimguse bila daktari. Kidonda kisichopona, au kipele kigumu kinachotoa damu, hakimulikwi, kinapelekwa hospitali, na kwa mwenye ualbino usingoje hata wiki.

Kisha jaribu taa nyuma ya taya, dakika 5, ungoje siku mbili.

Hatua ya 3: Osha uso, funika macho, mulika dakika 10, mara tatu kwa wiki. Washa feni, maana joto nalo huamsha mabaka. Umbali fuata wa mtengenezaji.

Hatua ya 4: Jua. Mombasa iko nyuzi 4 tu kusini mwa ikweta, na wakati wa kaskazi mchana haufai mchezo. Bila kinga unajaza maji kwenye pakacha. Mafuta ya kinga yawe na SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 au zaidi, yenye rangi ya oksidi ya chuma, kwa sababu hiyo huzuia hata mwanga unaoonekana. Karai tulilihamishia chini ya mwarobaini.

Hatua ya 5: Piga picha dirisha lile lile, saa ile ile, wiki ya 0, 6 na 12. Picha za mama zinaonyesha mashavu yamelainika na mikunjo ya macho imepungua kidogo. Mabaka mawili makubwa bado yapo, na hayo nilimwambia mapema kwamba taa nyekundu haiyafuti.