Meza ya kompyuta kwenye nyumba ya mawe: ipange kwanza, picha baadaye

Mtu akinitumia picha ya meza yake ya kompyuta, mie huangalia nyuma yake kwanza: waya zimepita wapi, ukuta uko umbali gani, dirisha limeelekea wapi. Taa za rangi baadaye. Nimefungua kompyuta nyingi za watu hapa Unguja, na adui ninayemkuta ndani ni yule yule: chumvi. Utaratibu wangu huu unamfaa anayekaa Mji Mkongwe au kwengine kokote karibu na pwani.

Hatua ya 1: Pima chumba

Vyumba vya nyumba zetu za zamani ni virefu na vyembamba, maana dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti aghlabu haifiki mbali kuliko mita 3. Meza ukiikingamisha, utapita ubavu ubavu kama kaa. Ifuatishe ukuta mrefu. Mwambie seremala kimo cha sentimita 72 hadi 75, na kina cha 60 au zaidi kidogo. Omba mbao nzima, hata ya mfenesi. Ile meza ya unga wa mbao ulioshindiliwa hupendeza dukani, lakini ikipitiwa na masika, kingo zake huumuka kama andazi.

Hatua ya 2: Dirisha, ukuta na chumvi

Hapa tukae kidogo. Meza yangu ya kwanza niliiweka Malindi, mtaa wa hapa hapa Mji Mkongwe, chini kabisa ya dirisha la baharini. Picha zilikuwa nzuri, sisemi uongo. Kaskazi ikavuma msimu mzima, na siku moja weupe wote kwenye monita ukageuka rangi ya bahari. Nikadhani kioo kimekufa. Kuchomoa waya wa VGA, ule unaopeleka picha kwenye monita, nakuta pini zimeota ukijani, na moja imekatika: ile ya rangi nyekundu.

Tangu hapo meza yangu hukaa ubavuni mwa dirisha. Mwanga unaingia kwa upande, haunipigi machoni wala haung'ai kwenye kioo, na upepo haupulizi moja kwa moja kwenye matundu ya mashine. Acha pia nafasi ya sentimita 10 hivi nyuma ya meza, kwani ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa taratibu.

Usiku usifunike kwa nailoni. Unyevu utabaki ndani. Subiri mashine ipoe, kisha tupia kanga kuukuu. Kila baada ya miezi michache zima kila kitu, chomoa, upitishe brashi laini yenye spiriti kidogo kwenye pini, uache zikauke.

Hatua ya 3: Umeme

Walioishi hapa kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kutoka bara ulipokatika karibu miezi 3, hawahitaji kuhubiriwa. Siku hizi kinachoua mashine zaidi si kukatika bali kurudi kwa umeme kwa kishindo. Ukizimika, zima soketi ukutani, na ukirudi hesabu dakika kadhaa kabla ya kuwasha.

UPS ndogo, kile kisanduku cha betri ya akiba, itakupa dakika chache za kuhifadhi kazi na kuzima kwa heshima. Usiichomeke printa ya leza humo, inavuta umeme mwingi kwa mkupuo. Na iwe juu ya kibao, isikae sakafuni. Siku ya kudeki utanishukuru.

Ile tabia ya kuchokoa tundu la juu la soketi kwa kijiti ili plagi ya pini mbili iingie, tuiache. Na ukigusa bati la kompyuta ukahisi linakutekenya, mwite fundi umeme aangalie waya wa ethi, ule unaopeleka ardhini umeme unaovuja.

Hatua ya 4: Waya

Usitoboe ukuta wa chokaa. Msumari unaingia, halafu unatoka na kilo ya mchanga. Funga kila kitu chini ya meza: ekstensheni kwa skrubu kwenye mbao, waya kwa vipande vya pindo la kanga, rangi moja kwa umeme, nyengine kwa data. Nyumba ina kidaka ukutani? Vipokea sauti vya kichwani hukaa humo kama vilichongewa. Ruta usiitie humo. Kuta hizi nene hunyonya Wi-Fi. Kama chumba kiko mbali, pitisha waya wa mtandao mlangoni.

Hatua ya 5: Kukaa

Ukingo wa juu wa kioo usawa wa macho, umbali wa mkono ulionyooshwa, viwiko pembe mraba. Basi.

Hatua ya 6: Sasa picha

Piga asubuhi, saa mbili au saa tatu, taa zote zimezimwa. Futa lenzi ya simu, kwani ina mafuta ya vidole vyako. Punguza mwanga wa kioo mpaka ulingane na ukuta, la sivyo kitatoka dirisha jeupe tupu. Mistari myeusi ikitembea juu ya kioo, shusha kasi ya shata (muda ambao kamera huingiza mwanga) hadi 1/60 ya sekunde au polepole zaidi, na egemeza simu kwenye kitu kisichotikisika.

Kanga yako iache ining'inie pembeni; ndiyo itakayoonesha meza ni ya wapi. Kabla hujatuma, ikuze picha uipitie pembe zote. Juzi rafiki yangu alinitumia yake, safi kabisa, na kwenye karatasi ya njano chini ya monita nikasoma nywila yake ya benki.